Hawakumkuta Mtu

Saa nne asubuhi, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji alikuwa amefika ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu kipya cha historia cha shule. Hapo paliandikwa: "Walowezi walipofika mpakani, hawakumkuta mtu." Aliweka kalamu chini ili anywe chai. Mwanamke mwenye jembe begani akaingia, akafuta miguu mlangoni, akauliza kama anaweza kukaa.

Hadi saa sita walikuwa wameshafika hamsini na watatu, wote wafu wa mpakani wa enzi hizo. Wengine walikalia maboksi ya karatasi, wengine walisimama kando ya mashine, wakijitahidi wasizuie njia. Mwenye jembe alijitambulisha: yeye ndiye aliyemzaa babu yake msahihishaji.

"Kitukuu changu, hao watu niliwapa maji kwa mkono wangu huu," alisema. "Walikaa kwangu msimu mzima. Sasa mbona hatumo?"

"Nimeona, bibi."

Alikata kwa wino mwekundu, akaandika "waliwakuta wenyeji", akaupeleka ukurasa juu.

Mhariri mkuu alishuka mwenyewe, akapenya katikati ya wafu huku akisema samahani, samahani. Akairudisha sentensi ilivyokuwa.

"Kamati imeshaipitisha."

"Na hawa, bosi?"

"Nimewaona, mimi si kipofu. Kamati inataka ushahidi wa maandishi. Wanao?"

Hawakuwa nao.

Msahihishaji alisahihisha mara tatu, na mara tatu sentensi ikarudi. Mara ya nne aliambiwa achague: wino mwekundu au kazi. Akaifunga kalamu nyekundu. Akatia saini kitabu kichapwe. Siku vitabu vilipotoka mashineni wapakiaji walikuwa wachache, kwa hiyo wafu walisaidia kupandisha vitabu kwenye lori, kisha wakatawanyika.

Bibi hakuondoka. Alihamia kwa kitukuu chake, akapewa godoro sebuleni. Muhula uliofuata, jioni moja, binti wa msahihishaji alikuwa mezani akifanya zoezi.

"Mama, swali la tano: walowezi walimkuta nani mpakani?"

Msahihishaji alimtazama bibi. Bibi alikuwa akikunja nguo, hakuinua kichwa.

"Kitabuni wamesemaje?"

"Hawakumkuta mtu."

"Mtihani unasahihishwa kwa kitabu. Andika hivyo hivyo."

Mtoto akaandika. Kisha akamwomba bibi asogee kidogo, maana alikuwa amemzibia mwanga.

Bibi akasogea.