Robine ya Komanda

Kibanda cha Chileshe kilikuwa mtaa wa Katuba, mkabala na fundi wa baiskeli; aliuza rakori, viungo vya kufungia mpira wa maji kwenye robine, ile koki ya bomba. Asubuhi ile alikuwa akimhudumia bwana mmoja aliyekuja na mpira wa bustani umezungushwa begani.

"Robine yako iko ya ngapi?" Chileshe alimuuliza.

"Sijue, mama. Iko ya kawaida."

"Kila muntu anasema yake iko ya kawaida. Ukiweka rakori ya nusu inchi ku robine ya robo tatu, itaruka. Kidole kikubwa kinaingia mu robine ao kinakatala?"

"Kinaingia."

"Basi iko robo tatu."

Alipekua ndani ya bakuli la shaba kuukuu, akatoa rakori, akaipuliza vumbi, akamwonyesha meno ya skrubu yaliyo ndani yake, jinsi yalivyozunguka bila kuvunjika. Bwana yule alikuwa anaipokea wakati jeep ya walinzi iliposimama mbele ya kibanda. Akaiweka chini, akaacha hata mpira wake, akaenda zake bila kugeuka.

Aliyeshuka ni Mulenga, mlinzi wa Komanda. Shavu lake moja lilikuwa limevunjika na jicho la upande ule lilikuwa limezama.

"Komanda anakuita," alisema. "Robine ya ku bustani inakatala kila rakori."

Chileshe aliijua robine ile. Mdogo wake Kapya alikuwa akimwagilia bustani ya Komanda, katika nyumba kubwa iliyoachwa na Mbelgiji. Robine ilikuwa ya robo tatu, rakori waliyompa ilikuwa ya nusu, na kila alipoomba nyingine aliambiwa aifunge kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Siku ya sherehe ya chama, wageni wakiwa wamekaa kwenye majani na suti zao mpya za abakosti, rakori ilichomoka. Maji yakawalowesha wote. Komanda alimshika Kapya kisogoni, akampigiza mdomo kwenye robine mpaka hapakubaki jino hata moja. Kisha akaagiza robine ioshwe. Tangu hapo Kapya alikuwa kwa dada yake, akinywa uji mwepesi, vidonda vya ufizi bado viko wazi.

Kwa Komanda majani yalikuwa yamekauka, rangi ya mkeka. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kupita. Wa kwanza rakori ilimrukia ikamtoa jicho. Wa pili alisema kipimo kama kile hakiuzwi popote, akavunjwa mkono kwa sababu ya jibu hilo. Shavu la Mulenga nalo lilikuwa kazi ya robine. Komanda alikuwa barazani, anakula nyama ya kuchoma.

"Sitwayene," alisema, akimwita raia kwa namna ya chama, "nataka maji ku majani yangu. Wageni wanarudi."

Chileshe alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mdomo wa robine. Pale palipopaswa kuwa na meno ya shaba palikuwa na meno ya mtu, yamezunguka mdomo wote na kushika mizizi vizuri. Aligusa moja lililopinda, halafu jingine lililokatika pembe, lile Kapya alilolivunja akifungua chupa ya bia harusini kwake Chileshe. Robine ilikishika kidole chake taratibu, ikakiachia.

"Iko ya ngapi?" Komanda aliuliza.

"Iko ya mudogo wangu."

"Sikuuliza iko ya nani."

Chileshe akainuka. "Komanda, nipatie meno yake. Nitaweka robine ingine, mupya."

"Robine iko ya État, ya serikali," Komanda alijibu, "na bintu bile biko ndani yake pia." Alisema bila hasira. Kisha akamwagiza Mulenga ampige mama huyu, asije akasahau njia ya kurudi na rakori. Mulenga alimpiga kwa kitako cha bunduki katikati ya mabega, kwa bidii ya mtu anayepasua kuni za nyumbani kwake, akamwinua, akampangusa vumbi, akamrudisha Katuba kwa jeep.

Kapya alikuwa amekaa mlangoni. Dada yake alimweleza yote, naye akasikiliza kama mtu anayepewa habari za jamaa walio safarini.

"Inauma bantu?" aliuliza.

"Ilivunja Mulenga shavu. Ilitoa muntu jicho."

Kapya akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi, na damu ilimtoka, akaifuta kwa kiganja.

"Naweza kuifanyia rakori mbaya," Chileshe alisema. "Komanda mwenyewe akiigusa, imupige mu kichwa."

"Yaya, dada yangu, hatagusa. Atamutuma mwingine. Halafu watakuja hapa kunitafuta miye." Kapya alifungua kinywa. "Fanya ile ya muzuri."

Chileshe alikanda udongo wa kichuguu mpaka ukalainika, akaukandamiza juu ya ufizi wa mdogo wake. Kapya alishika ukingo wa kiti, machozi yakimshuka. Udongo ulipokauka, Chileshe aliyeyusha madini ya risasi kwenye sufuria kuukuu, akamimina. Ilitoka pete yenye vitundu, kila kitundu mahali pa jino lake. Upande wa pili akaipachika mpira wa nusu inchi.

Siku iliyofuata aliipeleka. Robine iliipokea na kuifunga kama mtu anayefumba mdomo. Halikuvuja hata tone. Maji yalitoka kwa nguvu, majani yakanywa, na Komanda akampa Chileshe mkono.

"Kazi ya Zairwa," alisema, kama anayemsifu mwenzake wa nchi moja. Meno ya Kapya yalibaki kwenye robine, na Chileshe hakuyaomba tena.

Kabla majani hayajarudisha rangi yake, jeep ilisimama tena Katuba. Mkubwa mwingine, rafiki wa Komanda, mwenye nyumba ya ukuta mrefu kwenye barabara ya Luano, naye robine yake ilikuwa inakataa rakori. Mulenga alimfikisha saa za mchana. Bustani ilikuwa imekufa, isipokuwa mipapai karibu na ukuta, iliyokuwa imenawiri kupita kiasi.

Chileshe alipiga magoti, akaingiza kidole. Meno yalikuwa madogo, yamepangana, laini kama ya mtu aliyeyatunza. Alijaribu kumkumbuka mwenye meno hayo, hakumjua.

"Meno haya iko ya nani?" aliuliza. "Nahitaji kinywa chake."

Mkubwa yule alimtazama mlinzi wa nyumba. Mlinzi aliingia gereji, akatoka na chepe, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mipapai, akaanza kuchimba chini ya ule uliozaa zaidi.

Chileshe akakaa kwenye majani makavu. Akafungua mfuko wake, akamwomba Mulenga maji kidogo, akaanza kukanda udongo.