Ng'ombe Asiyekula Gayarde

Motokari ya Bwana Emile ilikuwa imeanza kuteremka kilima cha Muhumba, Bukavu, mavalizi ya nguo yamefungwa kamba juu, mke wake Madame Godelive alipotoa kichwa dirishani.

“Télesphore! Nikirudi kongé nikute gayarde zangu zimekufa, utatafuta kazi kwingine!”

“Ndiyo, madame.”

Wakashika njia ya Usumbura, kwenda kupanda ndege ya Ulaya kwa likizo yao. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 1957, mvua imekwisha.

Télesphore, mtunza bustani wao, akaanza kukata maua yaliyonyauka ili mapya yatoke. Gayarde ni ua jekundu lenye ncha za njano na majani ya manyoya. Linapenda jua kali na udongo mkavu. Ukilitilia mbolea nyingi linalala chini kama mulevi. Alipoinua macho, ng'ombe wa marehemu baba yake alikuwa kati ya waridi, anakula.

Alimjua kwa pembe iliyopinda. Kilima kile kilikuwa shamba lao. Baba alimpa mwami, mfalme wao, ng'ombe huyo kuwa kalinzi, yaani malipo ya ardhi, kama Bashi, kabila lao, wanavyofanya ili shamba libaki la watoto. Halafu Wazungu wakaja kupima, nyumba yao ikabomolewa, wenyewe wakapelekwa Kadutu, mtaa wa Waafrika. Ng'ombe alikuwa amekufa kabla ya vita.

Alimaliza waridi, akamaliza dalia, akaramba gayarde moja, akaiacha kwa sababu ya manyoya. Hakuwa na kivuli, basi hakuzizuilia jua. Wala hakuacha mavi. Gayarde zilifunguka kuliko miaka yote.

Mke wake Apolline alikuja na kibuyu kukamua. Baada ya juma moja akalalamika.

“Maziwa iko tamu, lakini inakataa kuganda ikuwe mashanza. Kila siku mbichi!”

“Ngombe mwenyewe amekufa, maziwa yake itaharibika namna gani?”

“Wewe unacheka tu. Ule ngombe ni mushahidi ya kalinzi. Mupeleke tribinali, waturudishie shamba.”

Télesphore alilitaka shamba hilo tangu utoto. Akamfunga ng'ombe kamba, akamvuta mpaka tribinali, Apolline nyuma yao. Watu walimpisha njiani. Jaji Isidore, Mushi mwenzake, alimkagua meno.

“Ni yeye. Baba yako alilipa kweli. Sasa nani ameshika kamba?”

“Ni mimi, papa jaji.”

“Ngombe ya kalinzi ikirudi kwa ule aliyeitoa, mapatano imekwisha. Ungemuacha kwa maua, ungekuwa na neno. Sasa uko na ngombe, shamba hauna.”

Walirudi wote na ng'ombe. Karibu na nyumbani Apolline akacheka mpaka akakaa chini.

“Papa Télesphore, umejifunga wewe mwenyewe!”

Naye akacheka. Wakanywa maziwa.

Madame alirudi, akauliza waridi ziko wapi. Akaambiwa ng'ombe amekula. Akatazama gayarde, akaridhika, akaagiza zipandwe kilima kizima. Mwaka 1960, uhuru ulipofika, yeye na Bwana Emile waliondoka, hawakurudi. Jaji Isidore alichukua nyumba yao, akamwacha Télesphore kwenye bustani, na Télesphore akaipenda kazi hiyo mpaka alipokufa. Kisha Apolline alihamia kisiwa cha Idjwi kwa dada yake, akazeeka mnene. Ng'ombe bado anakuja bustanini, na jirani yeyote anamkamua. Watoto wa Télesphore na Apolline bado wanapanga nyumba Kadutu.