Mshipa wa Ukoo wa Shakuru

Kwa miaka hamsini na sita Shakuru hakuwa na cha kujivunia, na mtaa mzima wa Bwiza ulijua. Gereji yake ilikuwa gereji kama zingine. Marehemu baba yake alibeba magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, bandarini, basi. Ndipo kifua kikambana, akapelekwa kliniki, akachomwa dawa ya kung'arisha mishipa, akaingizwa kwenye skana, na Mungu akamkumbuka.

Daktari Christa, binti mpole wa mtaa wa Mutanga Sud, alimwonyesha picha kwa kidole. "Maumivu ni ya misuli tu, mzee. Ulinyanyua injini. Moyo ni mzima. Ila mshipa huu, unaolisha moyo upande wa nyuma, kwa watu wengi unachipuka kushoto. Wako umechipuka kulia, ukapita nyuma ya mshipa mkubwa, ukafika kule kule. Si ugonjwa. Ni umbile tofauti."

"Tuko wangapi wenye huu?"

"Wachache sana. Mmoja katika mia kadhaa."

"Nimeurithi kwa baba?"

"Apana, mzee. Kwa kawaida haurithiwi. Unatokea tu mtoto anapoumbwa."

Maneno hayo ya mwisho Shakuru aliyasikia vizuri sana, akayaacha pale pale kliniki.

Kesho yake picha ilikuwa imebandikwa ukutani mwa gereji. "Huu ni mshipa wa ukoo wetu," aliwaambia waliokuja kutazama, na walikuja wengi. "Baba alikuwa nao, babu alikuwa nao. Ndiyo maana tulibeba magunia wengine wakianguka." Zénon, muuza matairi wa jirani, mtu asiyeamini kitu mpaka padri akiseme, aliinamia picha akauliza kama watoto nao wanao. "Wote!" akasema Shakuru. "Damu haiongopi!"

Loo, mdomo ule! Mwezi huo huo Mzee Khaled wa mtaa wa Buyenzi alikuwa ameleta posa ya mwanawe Anouar kwa Asiya, binti wa pekee wa Shakuru. Asiya alimtaka Anouar, alimtaka kwa miaka miwili, na wala hakuficha. Na akina Khaled ni watu wa kuhesabu mababu mpaka pumzi inawaishia. Habari ikatoka Bwiza ikisema mshipa umepita njia nyingine. Njiani ukawa umepinda, halafu umekatika. Ilipobisha hodi kwa Khaled, maskini Asiya alikuwa amebakiwa na miezi sita ya kuishi.

Khaled akatuma neno: posa isimame, kwanza msichana apigwe picha ya moyo, gharama atalipa yeye Khaled. Asiya alilia siku mbili. Houda, mke wa Shakuru, hakulia. "Mdomo huponza kichwa," alimwambia mumewe. "Wako umeponza mutoto."

Ijumaa baada ya swala wageni walijaa sebuleni kwa Shakuru, wanawake nyuma ya pazia. Anouar mwenyewe alifungua bahasha ya majibu ya Asiya, maana ndiye anayesoma Kifaransa cha madaktari. Mishipa yote iko mahali pake. Moyo wa kawaida kabisa.

"Alhamdulillahi!" akasema Khaled, na vigelegele vikapasua pazia. Asiya alimkumbatia mama yake akicheka na kulia.

Ni aibu kulisema, lakini tuliseme: Shakuru alichukia. Alihisi ameporwa. "Soma tena," akasema kwa sauti. "Hiyo mashine imekosea. Mutoto wangu hawezi kukosa mshipa wangu. Damu haiongopi!"

Bi Khadidja, dada mkubwa wa Khaled, akafunua pazia, kikombe mkononi. "Bon," akasema. "Damu haiongopi, tumesikia. Mashine nayo tumeilipa, haiongopi. Sasa mutoto huyu ni wa nani?"

Ya salaam! Houda alitoka akasimama mlangoni. Wageni hakuwatazama hata kidogo. Alimtazama mumewe tu, mume wa miaka ishirini na tisa. Nyuma yake Asiya alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili. Khaled alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.

Shakuru alikuwa mjinga, lakini si kwa kiasi hicho. Aliona nyumba yake inavyoanguka, na aliona ni nani anayeiangusha.

"Mzee Khaled, nakuomba ukae," akasema. "Niliongopa. Muganga wa kule kliniki aliniambia siku ile ile kwamba haurithiwi, kamuulizeni. Mi ndiye nilitoka hivi peke yangu, kama gari waliloliunga vibaya kiwandani. Baba yangu sijui alikuwa na moyo gani. Alikufa na gunia mgongoni. Na babu..." Jasho lilimtiririka. "Babu yangu simjui hata jina. Hakuna ukoo, mzee. Houda hana doa. Mutoto kafanana na mama yake, na hiyo ndiyo bahati yake."

Khaled aligeuka na kiatu kimoja mkononi. "Hata jina la babu?"

"Hata jina."

Mzee akaviacha viatu, akakaa. Labda ni huruma, labda ni utamu wa kuketi mbele ya mtu asiye na babu hata mmoja. "Anouar," akasema, "waambie wanawake watutajie siku ya harusi."

Houda akaleta chai. Akampa Khaled, akampa Bi Khadidja, akawapa wote hadi wa mwisho. Alipofika kwa mumewe akainama na kikombe, akasema polepole:

"Feruzi. Babu yako aliitwa Feruzi. Marehemu mama yako aliniambia mwaka ule tuliooana. We hukuwahi kumuuliza."