Swali la Kumi na Moja

Uwanja wa Mama Kuni haukuzoea ukimya. Ukipita asubuhi utamkuta fundi baiskeli wa jirani kajibanza chini ya bati anasubiri chai ya bure, mama mkwe yuko kwenye kigoda chake anachambua ndoa za watu, shemeji anapasua magogo kwa shoka, na Mama Kuni mwenyewe, kitenge kiunoni, anacheka kicheko cha kufika barabara ya pili. Basi siku ile wakala wa bima alipoingia na mkoba wake na viatu vinavyong'aa, alipokelewa kama bwana harusi.

"Kaa hapo kwenye gogo, mwanangu, haliumi," Mama Kuni alimwambia.

"Viatu hivyo mtu anaweza kujitazama akachana nywele," mama mkwe akadakia. "Vinashindana na sufuria yangu. Mpeni chai mgeni."

Na kweli sufuria ya chai ilikuwa inang'aa siku hizi. Wakala alipewa kikombe, fundi baiskeli akajichotea cha pili bila kuambiwa.

Kilichomleta wakala ni barua ya shule. Miaka tisa Mama Kuni alikuwa anapeleka kuni kwenye jiko la shule ile, lori moja kila wiki, na hiyo kazi ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba nzima. Sasa shule imesema kila anayeleta mzigo lazima awe na bima ya dhima. Asiye nayo, mkataba anapewa mwingine.

"Bima hii, mama, haikukingi wewe," wakala alieleza huku akipuliza chai. "Inawakinga watu na wewe. Gogo likianguka kwenye lori likamvunja mtu mguu, kuni zako zikimdhuru mteja, kampuni inamlipa kwa niaba yako. Ila inamlipia aliyesema kweli. Ukidanganya hapa hata kidogo, karatasi hii kafungie karanga."

"Uliza, baba. Mimi sina siri, siri zote anazo mama mkwe."

Wakala akauliza. Rundo linafika urefu gani? Lori lina breki? Kuna ndoo za mchanga? Mama Kuni alijibu yote kwa mzaha, wakala akiweka alama. Kufika swali la kumi na moja, akasoma taratibu kama anayesoma barua ya msiba: "Unauza, au umewahi kuuza, kuni zinazotokana na nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa?"

"Andika hapana. Mti wangu mimi umekufa kifo chake."

Watu wakacheka. Lakini shoka lilikuwa limenyamaza. Mama Kuni akageuza shingo, akamwona shemeji amesimama anapapasa makali kwa kidole gumba, kama vile shoka lile amelikuta njiani. Hakuinua macho.

Wakala akaandika hapana. Mama Kuni akatia sahihi. 

Wakala alipotoka tu, Mama Kuni alimfuata shemeji nyuma ya rundo.

"Sema."

"Niseme nini, shemeji?"

"Kilichokufanya uache kupasua."

Wauza kuni wote wana tandiko. Chini kabisa kwenye lori unalaza visiki, mizizi na vipande visivyo na sura, juu yake ndio unapanga kuni nzuri. Mteja anajua, na wewe unajua kwamba anajua, maisha yanaendelea. Tandiko lilikuwa kazi ya shemeji, na Mama Kuni hakuwa na desturi ya kulichungulia.

"Wiki tatu hizi visiki viliadimika," shemeji alisema. "Nikapata nguzo. Zile za umeme wa zamani, zilizong'olewa kule bondeni. Nikazipasua hukohuko."

"Zilikuwa na rangi gani?"

"Rangi ya nguzo."

"Nimekuuliza rangi gani!"

"Kijani kijani hivi. Lakini zimenyeshewa miaka, shemeji. Na moto unakula vyote. Kama kulikuwa na dawa, imeshapanda na moshi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Mama Kuni alimpigia wakala. Akasema ana rafiki yake, naye ni muuza kuni, kajaza fomu akakosea jibu moja. Afanyeje?

"Mama," wakala alisema, na sauti yake haikuwa tena ile ya kupuliza chai. "Bima ya rafiki yako inaanza Jumatatu. Ya nyuma hayatuhusu. Na akifungua mdomo leo, fomu inachanwa, na hakuna kampuni nyingine itakayomgusa. Mwambie afikirie vizuri."

Akafikiria. Akaona njia: apakie mkokoteni kuni safi, aende shuleni, abadilishane na zilizobaki, ionekane ni ukarimu tu. Hakuna atakayejua. Aliutanguliza mkokoteni, mwenyewe akafuata nyuma, nakala ya fomu imekunjwa kifuani.

Mpishi mkuu wa shule alikuwa shoga yake wa siku nyingi, mnene, mcheshi, mdomo haulali. Leo alimpokea kwa kukohoa kwanza.

"Umekuja kunisalimia au kunikagua? Kifua hiki, shoga yangu, kinanisumbua wiki nzima. Na kichwa. Ila moto wako! Ulikuwa unawaka kijani, kijani kama kasuku! Wasichana wangu wa jikoni wakasema leo jiko linaolewa."

"Zimebaki zile?"

"Hata kijiti. Zimeisha juzi."

Mama Kuni akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Zimeisha. Zimeungua, moshi umekwenda zake, na kikohozi ni kikohozi, nani asiyekohoa? Akataka hata kucheka.

"Njoo nikuonyeshe kitu," mpishi akamshika mkono.

Alimpeleka stoo. Giza kidogo, harufu ya magunia. Karibu na mlango panya alikuwa amelala ubavu kama msafiri aliyechoka. Mwingine alikuwa kando ya ukuta, mdomo wazi.

"Unaona? Na paka hatuna!" Mpishi alifungua gunia, akachota maharage kwa viganja viwili. Yalikuwa ya kijivu. "Fukusi walikuwa wananimalizia maharage. Nikayagaragaza kwenye majivu, kama kawaida, magunia yote sita. Lakini majivu yako ya safari hii ni makali, mwenzangu! Sijaona fukusi hata mmoja anayetembea. Nikakukumbuka, nikampelekea mama mkwe wako kopo zima, asugulie vyombo. Hakukwambia?"

Mama Kuni aliiona sufuria ya chai. Aliiona ilivyong'aa. Akamwona mama mkwe, fundi baiskeli, na yule kijana wa bima akipuliza kikombe chake.

Kengele ikalia, mpishi akarudi jikoni, Mama Kuni nyuma yake.

Watoto wakaja kwa kishindo, sahani zikigongana, wakapanga foleni mbele ya pipa la maharage lililokuwa linatoa mvuke. Mpishi akachukua upawa. Kifuani fomu ilikuwa imelowa jasho. Yameoshwa, Mama Kuni alijiambia. Lazima yameoshwa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa kasichana kenye pengo, kakanyoosha sahani kwa mikono miwili.

"Usipakue," Mama Kuni alisema.

"Na wewe una njaa? Foleni inaanzia kule."

"Usipakue, shoga. Mwaga."

Mpishi akacheka, wasichana wa jikoni wakacheka. Mama Kuni akaichukua sahani mikononi mwa mtoto. Hapo vicheko vikaanza kufa, kimoja kimoja.

"Kuni zangu zilikuwa na sumu," alisema kwa sauti, foleni nzima isikie. "Nguzo zilizotiwa dawa. Majivu hayo ni sumu. Nimekuja kuficha. Mwaga."

Mwalimu mkuu alikuwa ametokea mlangoni, miwani mkononi. Alisikia yote. Hakumgombeza Mama Kuni, wala hakumtazama. Alimgeukia mpishi, akauliza kwa upole uliotisha kuliko makelele:

"Haya maharage ya majivu mmeanza kuyapika lini?"

Mpishi aliweka upawa chini. Akainua mkono, akaanza kukunja vidole, midomo ikitaja siku bila sauti. Mama Kuni alihesabu naye. Kidole cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Kidole gumba kikakunjwa juu ya wenzake, ngumi ikajaa.

Kisha mpishi akainua mkono wa pili.