Karatasi Isiyo na Kichwa

Mama mkubwa aliyemlea ndiye aliyemwita Kiherehere, na jina likamganda mpaka chuoni. Alipochagua kusomea ushirikishwaji wa wananchi, baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe siku hizi hata kiherehere kina shahada.

Mwaka wa tatu walipelekwa mafunzo kwa vitendo, wiki nane. Yeye akaangukia ofisi ya kata ya hapohapo kwao: vyumba viwili, feni moja inayozunguka ikijisikia, na kabati la mafaili ambalo mlango wake haufungi mpaka uchomekewe kipande cha kadibodi. Mkuu wake, Ofisa Maendeleo, alikuwa mtu wa maneno laini na viatu vinavyong'aa. Wiki ya pili akamkabidhi kazi ya kweli, nayo ni mkutano wa wananchi kuhusu kichochoro.

Kichochoro chenyewe hakikuwa kitu cha kutazama. Ukuta wa ghala upande huu, ukuta wa shule upande ule, chini saruji iliyopasukapasuka. Lakini kilikuwa tambarare, na kilikwenda moja kwa moja hadi zahanati. Mara tatu kwa wiki mama mkubwa alimsukuma baba mkubwa humo kwenye kiti chake cha magurudumu, dakika sita tu, wakafika bado wanabishana. Sasa mwenye ghala alitaka kukiziba apate pa kupakilia mizigo. Kikizibwa, njia iliyobaki ni ya barabarani, yenye mlima, na magoti ya mama mkubwa yalikuwa ya kuombwa radhi hata mbele ya ngazi mbili.

Siku ya mkutano walikuja watu arobaini na watatu. Kiherehere alikuwa ameandaa karatasi ya mahudhurio kwa rula: namba, jina, simu, saini. Akamwonyesha mkuu, akauliza juu aandike nini.

"Kichwa tutaweka baadaye," mkuu alisema. "Lakini mistari hii! Ofisi hii haijapata kijana makini namna hii."

Kilemba cha ukoka hicho, naye akakipokea kwa mikono miwili. Akapita kiti kwa kiti na karatasi yake isiyo na kichwa huku watu wakipaza sauti kukataa. Na walikataa hasa. Fundi viatu alikataa akiwa amesimama juu ya benchi. Wakasaini, wakaenda zao wakijua mambo yamekwisha.

Jumatatu iliyofuata akatumwa kutoa nakala za faili la kikao cha baraza cha Alhamisi, ambacho ndicho kingeamua kuhusu kichochoro. Ndani akaikuta karatasi yake. Mistari yake, rula yake, saini ya mama mkubwa yenye mkia mrefu. Juu, pale alipopaacha wazi, sasa palikuwa pamechapwa maneno: "Wananchi walioridhia kufungwa kwa njia."

Hakulia. Hasira haikumpa nafasi. Alimwendea mkuu na karatasi mkononi.

"Mkuu, hawa walikataa."

"Walihudhuria," mkuu alijibu bila kuinua macho. "Walishirikishwa. Mengine ni lugha tu. Wewe bado mwanafunzi, utazoea."

Walishirikishwa. Miaka mitatu alikuwa akilipanga neno hilo kwenye insha na kupata nalo alama nzuri. Siku hiyo lilimgeuka. Tena lililomuuma zaidi ni kwamba mkuu hakuiba chochote kwa nguvu. Nafasi ile ya juu aliiacha wazi Kiherehere mwenyewe.

Alimpigia simu mhadhiri wake. Mhadhiri akamwambia katibu wa baraza hupokea pingamizi la maandishi mpaka Alhamisi saa tatu asubuhi, mradi lisainiwe na watu walewale. Basi akachukua karatasi mpya, akaanza na kichwa, kwa herufi kubwa: "Sisi tuliosaini hapa hatukushirikishwa katika uamuzi wa kufunga njia." Akapiga moyo konde, akaenda kwa fundi viatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja na karatasi tena? Ile ya kwanza umeipeleka wapi?"

Alimweleza yote, pamoja na lile la kuacha juu wazi. Fundi alisikiliza, nyundo mkononi.

"Kumbe ni wewe uliyetuuza," alisema. Kisha akasaini.

Ikawa hivyo kila mlango: anaeleza, anasemwa, anapewa saini. Nesi mstaafu alimfungia mlango usoni, akaufungua tena ili amseme vizuri zaidi. Mpaka Jumanne jioni alikuwa na saini ishirini na sita na miguu iliyovimba.

Kwao alikuwa amepaacha mwisho, kwa aibu. Mama mkubwa alikuwa akikunja nguo. Alipomaliza kusikia habari, alinyoosha mkono.

"Lete nisaini."

"Soma kwanza, mama."

"Nisome nini, si umeandika wewe?"

"Hata ile ya kwanza niliandika mimi."

Mama mkubwa alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Akafika kwenye "hatukushirikishwa", akarudi nyuma, akalisoma tena.

"Hii siyo kweli," alisema. "Nani hakushirikishwa? Mimi nilikuja mwenyewe, kwa magoti haya. Nikasema sitaki. Ukiandika hivi watatuita tena, watatupa maji ya chupa, watasema haya, sasa mmeshirikishwa. Andika tulikuja, tukakataa."

Lilikuwa jambo rahisi namna hiyo, na vitabu vyote vile havikumfikisha Kiherehere hapo.

"Si unafuta tu hayo ya juu," baba mkubwa alidakia kutoka kwenye kiti chake. "Unaandika haya ya mama yako. Wote si wanasema hivyohivyo?"

Ni kweli, wote walisema hivyohivyo. Saini ishirini na sita zilikuwa tayari, imebaki siku moja, na hakuna ambaye angelalamika. Mkono wake ulishaifikia kalamu. Ndipo alipoona anataka kufanya nini: kubadilisha maneno juu ya saini za watu, wao wakiwa makwao. Aliichana karatasi vipande viwili.

"Mwendawazimu wewe!" mama mkubwa aliruka.

"Walisaini maneno mengine, mama."

Kiherehere alichukua karatasi nyingine, akaandika juu kabla ya kupiga mstari hata mmoja: "Tulikuja mkutanoni. Tulikataa njia kufungwa." Mama mkubwa aliisoma yote, akasaini wa kwanza, na ule mkia mrefu akauvuta mpaka ukingoni.

Jumatano asubuhi fundi viatu alimwona kwa mbali, akashika kiuno.

"Wewe mtoto, una wazimu?"

"Ninao, fundi. Soma kwanza."

Alizunguka kutwa nzima. Nesi mstaafu safari hii alimpa kiti, akasoma, akamsema akiwa amekaa. Alhamisi kabla ya saa tatu saini thelathini na nane zilikuwa mezani kwa katibu wa baraza. Katibu alizilinganisha na zile za faili, jina kwa jina, akashusha pumzi, akaliondoa suala la kichochoro kwenye ajenda.

Mkuu alimkuta kwenye ngazi za baraza. Sauti laini haikuwepo tena.

"Umeniumbua," alisema. "Na usisahau, saini zile za kwanza ulizikusanya wewe, kwa mkono wako."

"Sijasahau, mkuu," Kiherehere alisema. "Ndiyo maana nilirudi kuziomba upya, moja moja."