Theluji Mabegani mwa Mzee Lőwy

Jumamosi asubuhi Emőke alisimama kwenye kona ya Mtaa wa Kinu akingoja kupokezwa wageni. Alikuwa amevaa viatu vya chini, maana mawe ya mji wa Szentalmás hayana huruma na visigino, na shingoni alining'iniza kitambulisho cha chama cha watembezaji. Katika mji ule matembezi yana desturi yake. Kila mtembezaji husimulia mtaa anaokaa yeye, basi. Ukifika mwisho wa mtaa wako unawakabidhi wageni kwa jirani, kama watu wanaopitishiana ndoo za maji kuzima moto. Na mwenye nyumba ndiye msemaji wa nyumba yake. Akisema ilijengwa na askofu, ilijengwa na askofu. Hakuna amsahihishaye mwenzake mlangoni pake.

Wageni walikuja wakitokea kanisani, wakijipepea kwa ramani. Ilikuwa Julai na vigae vya mapaa vilikuwa vimeanza kunuka jua. Nyuma yao, pale anapotembea siku zote, alikuja mzee Lőwy na theluji yake.

Ármin Lőwy alikuwa fundi wa maji ya gesi. Ndiye aliyezijaza zile chupa nene za kioo cha buluu zenye kifyatuo kichwani, ambazo hadi leo zimo jikoni katika nyumba nyingi za Szentalmás, jina lake likiwa limechongwa kwenye kioo. Alikufa Januari 1943 vitani, karibu na mto Don, alikopelekwa pamoja na Wayahudi wenzake kuwachimbia wanajeshi mahandaki, bila bunduki na bila koti la maana. Alianza kurudi majira ya kuchipua yaliyopita. Theluji ilimwangukia yeye peke yake, taratibu, mchana kutwa, ikajaa kwenye ukingo wa kofia na mabegani, wala haikuyeyuka. Chama kiliizungumza habari yake mkutanoni, kikaamua kwamba kwa kuwa ni mzaliwa wa mji, atembee bure.

"Nakubusu mkono, binti," alisema, akigusa kofia. Theluji kidogo ilidondoka.

"Karibu, mzee. Leo umechelewa."

"Miguu hii. Na njia yenyewe si fupi."

Emőke aliwaonyesha wageni karakana ya mfua kufuli, kisha mnara ambao Waturuki waliuchoma nusu wakachoka. Hatimaye walifika kwenye nyumba yenye lango la kijani. Hapo ndipo alipozaliwa Emőke. Dirishani alikaa mama yake, Valéria, akiwa na kitambaa chenye maji kichwani.

"Hapa palikuwa na kiwanda kidogo cha maji ya gesi," alisema Emőke. "Wenyewe walihama mwaka 1944. Tangu hapo tunakaa sisi."

Mzee Lőwy alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, binti. Walihamia wapi?"

"Walihama tu, mzee."

"Sikudai kitu. Ni kwamba mimi nilitangulia kuondoka, habari zikanipita. Mke wangu Szeréna, na Lenke, mtoto. Nikijua walipo, nitawafuata, nisiwasumbue tena."

"Tuendelee mbele," Emőke aliwaambia wageni. Bibi mmoja kutoka Vienna alimnong'oneza mumewe kwamba si amwambie tu. Mumewe alikuwa anaipiga picha theluji.

Mtaa wa Kinu unaishia kwenye pishi la mvinyo la Dezső. Huko wageni hupewa mvinyo mweupe uliochanganywa na maji ya gesi, na mchanganyiko huo ukiwa vuguvugu ni heri kunywa maji ya kuoshea sahani. Dezső alitoka na kapu la chupa za mvinyo, akazichomeka moja moja kwenye theluji iliyorundikana kuzunguka viatu vya mzee Lőwy.

"Tulia hapo hapo, mzee wangu. Usinitikisikie. Wiki iliyopita ulikwenda kivulini, nikaaibika mbele ya watu."

"Niliona kizunguzungu."

"Kizunguzungu cha nini, na ulishakufa?"

Wageni walicheka, na mzee Lőwy alicheka nao kwa adabu. Alizitazama chupa za buluu mezani. Alikuwa na desturi ya kulipangusa jina lake kwa kidole gumba, kuona kama chupa ni safi.

Mchana Emőke alikula na mama yake supu baridi ya cheri chachu.

"Leo kauliza tena," alisema.

"Aulize. Kuuliza si ujinga."

"Nataka kumwambia, mama."

Valéria alitema kokwa kwenye kijiko. "Umwambie nini? Kwamba bibi yako alipewa ufunguo huku sufuria ya tambi ingali jikoni? Nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa na njaa. Nilikula, na zilikuwa bado na uvuguvugu."

"Mimi sisemi habari ya tambi. Nasema habari ya treni."

"Ukianzia kwenye treni utafika kwenye tambi."

Habari ya treni haikuwa siri. Juni 1944 askari wenye manyoya ya jogoo kofiani waliwatoa Szeréna na Lenke kwenye lango lile la kijani, wakawapeleka kiwanda cha matofali, na kutoka hapo wakawapakia katika treni ya mizigo iliyokwenda Auschwitz, kambi ya mauaji na matanuri. Hawakurudi. Kila mtu mjini alijua, kama watu wanavyojua kina cha kisima: hakuna aliyeingia, lakini hakuna anayemwacha mtoto achezee ukingoni. Neno "walihama" ni la bibi yake Emőke. Mama yake alilirithi pamoja na kabati na vitanda.

"Na ukimwambia, ataondoka," alisema Valéria. "Katika joto hili? Mwache asimame na theluji yake chini ya dirisha langu. Tangu aanze kuja napata angalau kausingizi ka alasiri."

Emőke aliosha vyombo. Alipomaliza alikuwa ameamua.

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema akajizoeza mbele ya kioo, mpaka akalitamka jina la mahali pale bila kusita. Aliwapokea wageni kwenye kona. Alipita karakana, akapita mnara, akasimama mbele ya lango. Dirishani mama yake aliacha kujipepea.

Mzee Lőwy alinyoosha mkono. "Samahani, binti. Walihamia wapi?"

"Mzee Lőwy," alisema Emőke, "leo nitakwambia."

Mzee alivua kofia. Theluji ilianza kumwangukia kwenye nywele, na yeye hakuipangusa.

"Kabla hujasema," alisema mzee, "nijibu hili kwanza. Huko, ni penye joto?"

"Penye joto?" aliuliza Emőke.

"Nauliza kwa sababu ya Lenke. Ana kifua. Baridi kidogo tu anakohoa mpaka alfajiri. Nilipokuwa kule Don nilikuwa nawaza hilo tu, kwamba kuni za nyumbani zinatosha au hazitoshi. Kama ni penye baridi, itabidi niende leo leo. Nimpelekee koti."

Emőke alimtazama mama yake. Valéria aliyatazama mawe ya barabara.

"Ni penye joto," alisema Emőke.

"Joto la kutosha?"

"La kutosha, mzee."

Mzee Lőwy alivuta pumzi ndefu, akairudisha kofia kichwani. "Basi usinitajie jina la mahali. Nikilijua, miguu itanipeleka, na kwa theluji hii nitampelekea mtoto ugonjwa. Acha nibaki hapa. Ahsante, binti. Umenitua mzigo."

Aliuinamia mkono wa Emőke akaubusu. Midomo yake ilikuwa baridi kama chuma cha bomba wakati wa kipupwe. Emőke aliurudisha mkono mfukoni na jina likabaki kinywani mwake.

Vuli ilipoingia chama kilimpa mzee Lőwy kitambulisho. Halikuwa jambo la kubishaniwa: mwenye nyumba ndiye msemaji wa nyumba yake, na isitoshe wageni walimpenda. Siku hizi Emőke huwafikisha kwenye lango la kijani, kisha husogea pembeni.

"Hapa palikuwa na kiwanda changu cha maji ya gesi," husema mzee Lőwy. "Wangu walihama mwaka 1944. Walihamia penye joto, kwa ajili ya kifua cha mtoto."

Wageni hupiga makofi. Wengine hufuta machozi. Kisha wote hushuka hadi kwa Dezső, ambaye huchomeka chupa zake kwenye theluji na kumsihi mzee asitikisike. Emőke hupewa bilauri yake kabla ya wengine, kwa heshima. Hubonyeza mwenyewe kifyatuo cha chupa ya buluu, kiganja chake kikiwa juu ya lile jina lililochongwa, na hunywa mpaka tone la mwisho. Mvinyo huwa baridi hadi meno yanauma.