Kosa Lililopigiwa Kura

Mwaka 1953 kanisa la Ipandamila, lililosimama kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo wa asubuhi moja kusini ya Tabora, lilikuwa na mabenchi ishirini na mawili, na sita kati ya hayo yalikuwa ya watu waliotengwa. Utaratibu ulikuwa umedumu tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani. Mkristo aliyekosa alisomewa kosa lake mbele ya washarika, akaandikwa katika Daftari la Nidhamu, akahamia nyuma, akanyimwa Meza ya Bwana kwa miezi sita na hadi atakapotubu kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo mwanzo benchi moja lilitosha. Baada ya vita fundi seremala aliagizwa la pili, na tangu hapo kanisa halikumwagiza kitu kingine ila mabenchi ya nyuma.

Kwaya, iliyokuwa ikisifiwa hadi Urambo, ilikuwa imehamia nyuma karibu yote, sauti za besi zikitangulia. Kwa kuwa waliotengwa hawakuruhusiwa kuimba, nyimbo ziliongozwa na mzee Nikolaus, mwandishi wa Daftari, ambaye sauti yake ilikuwa na ushujaa kuliko ufundi.

Mwezi wa Februari ilifika barua kutoka makao makuu ya misheni. Iliuliza kwa nini vijana waliolelewa katika Ukristo walikuwa wakiiacha imani, na ilitaka jibu kabla ya Pasaka. Wazee wa kanisa walikuwa watu wa bidii. Kabla chai haijapoa walikwisha kuandika sababu nane: sinema, baiskeli, gramafoni, mpira wa miguu, vioo vya mfukoni, kahawa, siasa, na marafiki Waislamu. Walikuwa wakijadili kama vioo vitangulie gramafoni au vifuate, ndipo Mchungaji Silasi, mtu mpole aliyezoea kuanza kila sentensi kwa kuomba radhi, akainua kidole.

"Samahanini, wazee. Hivi tumemuuliza kijana yeyote?"

Mwenyekiti, mzee Justus, alijibu kwa upole aliokuwa akiwawekea watu wasioijua sheria. "Mchungaji, vijana wako nyuma. Kanuni ya nne inasema mzee wa kanisa hazungumzi na aliyetengwa ila kumuuliza kama ametubu."

"Basi amtume mtu asiye mzee."

"Asiye mzee na asiyetengwa hakai nyuma," alisema Nikolaus. "Kila Jumapili nawahesabu wale wa nyuma, kisha nahesabu majina ya Daftari. Hesabu mbili lazima zilingane. Zimelingana miaka kumi na moja."

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo kila mmoja wao alikuja kudai baadaye kwamba lilikuwa la mwenzake. Mtu mmoja mwaminifu angeandikwa katika Daftari, akae nyuma mpaka Pasaka, asikilize, kisha awaandikie wazee aliyoyasikia. Barua si mazungumzo. Jambo hilo lilipigiwa kura likapita. Kwamba vijana wengine wote wa nyuma nao walikuwa wakijua kuandika halikumjia mtu.

Kijana mwaminifu hakutafutwa sana, maana alikuwa amebaki mmoja. Getruda, binti wa mzee Justus, alikuwa na miaka ishirini, akifundisha shule ya Jumapili na kukaa peke yake katika benchi la kwaya, kama kikombe kilichosalia kwenye seti iliyovunjika. Tatizo lilikuwa kosa. Nikolaus alifungua Daftari, akachovya kalamu, akasubiri.

"Wizi," mmoja alipendekeza.

"Wizi unaharibu nyumba," alisema Justus.

"Pombe?"

"Nani ataamini?"

Mzee wa tatu alianza kulitaja kosa lingine, akamwona baba wa binti amesimama wima, akasema alikuwa akikohoa tu. Mwishowe waliafikiana juu ya kucheza dansi, kosa ambalo lilikuwa zito kiasi cha miezi sita na jepesi kiasi cha kupata mchumba baadaye. Nikolaus alitaka mahali na tarehe. Walimpa Gongoni, mjini Tabora, Jumamosi iliyopita. Safu iliyofuata ilidai mashahidi wawili walioona kwa macho. Nikolaus alisogeza kalamu katikati ya meza. Kisha mzee Justus alitia sahihi, na Nikolaus akatia yake chini yake, wino ukakaushwa.

Jioni baba alimweleza binti yake jikoni.

"Lakini baba, mimi sikucheza."

"Tunajua. Ndiyo sababu tumekuchagua wewe."

Getruda alikwangua chungu. Aliuliza jambo moja tu. Alfajiri ya Pasaka kanisa lote lilikuwa na desturi ya kukusanyika makaburini kabla jua halijachomoza na kuimba ufufuo juu ya waliolala, kila ukoo penye kaburi lake. Waliotengwa walisimama nje ya ua. Mama yake alikuwa amezikwa humo Agosti iliyopita, na hii ingekuwa Pasaka yake ya kwanza ardhini.

"Alfajiri ile nitakuwa ndani?"

"Jumapili ya Matawi utarejeshwa. Mimi ni mwenyekiti."

"Basi nitakwenda," alisema, "kama ni kwa ajili ya kanisa."

Jumapili iliyofuata kosa lilisomwa. Akina mama walivuta pumzi kwa pamoja. Getruda alitembea hadi nyuma akiitazama sakafu, na huko akasogezewa nafasi.

"Karibu, dada," alinong'ona Hilari, aliyekuwa besi wa kwanza. "Hapa tunakaa kwa uzito wa dhambi. Mimi ni pilau. Yule Bertila ni kunyoa nywele. Dansi inakaa katikati yetu."

"Sogea basi, Pilau," alisema Bertila. "Unamminya mwenye dhambi mpya."

"Mimi sikufanya kitu," alisema Getruda, kwa kuwa hakujua kusema uongo hata kwa mnong'ono.

"Mpeni nafasi zaidi," Hilari aliwaambia wenzake. "Huyu ni mkongwe. Anajua mwanzo wa sala yetu."

Kwa wiki sita alisikiliza, na kila Jumamosi alikwenda nao shambani kwa Bertila, ambako walikutana. Nyumbani palikuwa pagumu zaidi, kwa sababu mzee Justus hakuwa mtu wa kuishika kanuni nusu nusu. Tangu jina liandikwe, lilikuwa limeandikwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetubu?"

"Bado, baba. Chumvi imekwisha."

Mzee Justus alikula mboga isiyo na chumvi siku tatu, kwa kuwa Kanuni ya nne haikutaja chumvi.

Taarifa ya Getruda ilifika mezani wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi, kurasa mbili kwa mwandiko wa shule. Alisema kwamba katika watu arobaini na wanne wa nyuma, hakuna aliyewahi kuiona sinema. Alisema wengi wao hawakutoka kanisani. Walikuja mbele na swali, wakajibiwa kwa idadi ya miezi. Bertila alinyoa nywele katika matanga ya bibi yake aliyemlea, kama ukoo wao unavyofanya, kisha akaja kwa wazee kuuliza kama Mungu alichukizwa na upara au na huzuni. Aliandikwa siku hiyohiyo. Hilari alikula katika harusi ya rafiki yake Majid na kuinua mikono wakati wa dua, kwa adabu ya mgeni. Alipokuja kutubu aliulizwa kama anajutia. Alisema anajutia kuwahuzunisha wazee, ila pilau lilikuwa zuri. Nusu ya pili ya jibu ilimwongezea miezi sita. Mwishoni Getruda aliandika kwamba kila Jumamosi wanasoma Injili na kuomba, na kwamba hajawahi kusikia watu wakiomba kwa maneno yao wenyewe namna ile.

Nikolaus alivua miwani. "Wanaomba? Kwa ruhusa ya nani?"

"Samahanini," alisema Mchungaji Silasi. "Naona taarifa hii inatujibu swali."

"Inajibu swali lingine," alisema Justus. "Sisi tuliulizwa kwa nini wanaiacha imani. Huyu anatuambia hawajaiacha. Hilo makao makuu hawakuuliza."

Sababu nane zilinakiliwa kwa mwandiko safi. Kahawa iliondolewa, kwa kuwa mkuu wa misheni alikuwa akiinywa. Mahali pake waliweka maombi yasiyo na kibali.

Jumapili ya Matawi Getruda aliitwa mbele ya meza. Maneno ya kurejeshwa yalikuwa mafupi, na kila aliyerejea aliyasema: Nimetenda dhambi hii, naijutia, naomba kupokewa. Nikolaus alisoma kosa, Gongoni na tarehe yake, akamtazama.

Getruda alitikisa kichwa. "Siwezi kusema hivyo, mzee."

"Sema tu, binti. Ni utaratibu."

"Hii ni Meza ya Bwana. Nilikubali kukaa nyuma. Sikukubali kusema uongo hapa."

Wazee walimvuta pembeni, katika chumba cha sakristia, wakaliacha kanisa zima likikohoa. Mchungaji Silasi aliomba radhi mara mbili, akashauri mstari ule ufutwe.

"Daftari hukaguliwa," alisema Nikolaus. "Lina safu ya aliyetubu na safu ya aliyekufa. Halina safu ya asiyefanya."

"Basi tuwaeleze watu ukweli."

"Ukweli upi?" Nikolaus aligeuza ukurasa kumwonyesha zile sahihi mbili. "Ushahidi wa uongo ni mwaka mzima, Mchungaji, si miezi sita. Mwenyekiti na mwandishi wataketi nyuma. Nani ataongoza Pasaka?"

Wote walimgeukia mzee Justus. Angeweza kusema neno moja na binti yake angesimama kaburini kwa mama yake. Alimtazama Getruda, akautazama mwandiko wake mwenyewe katika Daftari, na ilionekana kwamba mwandiko ndio aliouamini zaidi.

"Mwanangu," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki sita kumwita hivyo, "ni maneno sita tu. Yaseme uingie."

"Nikiyasema, baba, atakayeingia si mimi."

Hakurudi benchi la nyuma. Alipita katikati ya kanisa, akawapita akina Hilari waliokuwa wamekwisha kusogea kumpa nafasi, akatoka nje. Hesabu za Nikolaus zilikosana Jumapili hiyo kwa mtu mmoja.

Alfajiri ya Pasaka ukungu ulikuwa mzito. Wazee na akina mama waliimba ndani ya ua wa makaburi kwa sauti nyembamba, Nikolaus akiwatangulia kwa nusu neno. Nje ya ua walisimama arobaini na watatu, midomo imefungwa kwa mujibu wa kanuni. Mzee Justus, akiwa peke yake penye kaburi la mkewe, aliwapekua kwa macho uso kwa uso. Kisha aliukaribia ua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umetubu?" alimwuliza Hilari, kwa kuwa hilo ndilo lililoruhusiwa.

"Shikamoo, mzee. Yuko shambani," alijibu Hilari. "Anang'oa karanga."

"Siku ya Pasaka?"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Tena Jumamosi hakuja kuomba nasi. Anasema na sisi tuna benchi letu."

Mzee Justus alitembea kwa koti lake la ibada, umande ukimlowesha hadi magotini, mpaka akafika mwisho wa shamba. Getruda alikuwa ameinama katikati ya tuta, akivuta mashina na kukung'uta udongo. Alimwona, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mzee Justus alikuwa na mengi ya kusema, karibu yote kuhusu mama yake Getruda. Aliyachambua moja moja, akakuta hakuna lililoruhusiwa.

"Umetubu?" alisema.

Getruda alimtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza njia ya mji usiokuwepo tena, akaliendea shina lililofuata.